Léonie Martin: Mtoto Msumbufu Katika Nyumba ya Watakatifu



Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu tunamfahamu karibu sote. Picha yake na mawaridi tumeiona, wasichana wengi wamebatizwa kwa jina lake, na kila tarehe 1 Oktoba tunaadhimisha sikukuu yake. Wazazi wake, Louis na Zélie Martin, nao ni watakatifu; Papa Fransisko aliwatangaza pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Ukisoma habari za familia ile unaweza kudhani watoto wote walizaliwa wakiwa wameshafumba mikono na kuinamisha vichwa.

Haikuwa hivyo jamani. Nyumba ile ilikuwa na mtoto aliyewatoa jasho. Alikuwa na vituko, hasira za ghafla, kelele, ubishi. Shule walimshindwa wakamrudisha. Wenzake hawakumtaka na yeye hakujua namna ya kuwapata. Leo hii huyo mtoto anaitwa Mtumishi wa Mungu, na kesi yake ya kutangazwa mwenye heri ilifunguliwa rasmi mwaka 2015. Jina lake ni Léonie, dada yake Teresia. Nimemchagua kwa sababu mimi nasaidia watoto wa Utoto Mtakatifu parokiani kwetu, na kila mwaka kwenye kundi kuna Léonie wetu angalau mmoja. Nadhani na wewe unamjua wa kwenu.

Katikati, peke yake

Léonie alizaliwa tarehe 3 Juni 1863 katika mji wa Alençon, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi saa, na mama yake alikuwa na biashara ya kushona lesi maarufu za mji ule. Zélie aliwaajiri wanawake wengine, akapokea oda, akakesha usiku kumalizia kazi. Walikuwa watu wa sala na Misa ya alfajiri, lakini walikuwa pia watu wenye kazi nyingi kama wazazi wetu wengi.

Tangu mwanzo Léonie alikuwa mgonjwa. Alipata kifaduro, akapata surua, na ukurutu ulimsumbua ngozi hata ukubwani. Wazazi walihofia uhai wake kiasi kwamba baba alikwenda kuhiji kwa miguu kumwombea. Alipona, ila alibaki dhaifu, mzito wa kuelewa masomo kuliko dada zake, na mwepesi wa kuudhika.

Angalia sasa alivyokaa ndani ya familia. Juu yake walikuwepo Marie na Pauline, waliolingana umri, wenye akili, marafiki wa chanda na pete. Chini yake alikuwepo Hélène, mdogo wake wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, ambaye ndiye angekuwa mwenzake. Hélène alifariki mwaka 1870 akiwa na miaka 5. Wavulana wawili waliofuata walikufa wachanga. Baadaye Céline na Teresia nao wakawa pacha wa hiari, hawaachani. Kwa hiyo wakubwa walikuwa wawili, wadogo wawili, na Léonie katikati hana mtu. Mtoto wa miaka 6 amempoteza mwenzake wa kucheza naye, na katika nyumba iliyojaa watu amebaki mmoja.

Mama Zélie alimpenda sana, ila alikiri kwenye barua zake kwamba hamwelewi. Alimwona ana moyo mwema, lakini akimwambia hivi, anafanya vile. Akimwita, haji. Wenzake wakicheza, anawaharibia mchezo.

Mtoto wa kurudishwa nyumbani

Marie na Pauline walisoma bweni huko Le Mans, kwa watawa wa Visitasioni, shirika lililoanzishwa kwa heshima ya Bikira Maria alipomtembelea Elizabeti. Katika monasteri ile aliishi dada mkubwa wa Zélie, Sista Marie-Dosithée. Kwa hesabu zetu huyo ni mama mkubwa wa watoto hawa. Zélie aliamini kwamba kama kuna mtu anaweza kumnyoosha Léonie, basi ni yeye.

Léonie alipelekwa, akarudishwa. Akapelekwa tena mwanzoni mwa mwaka 1874, na baada ya miezi michache akarudishwa tena. Mama mkubwa alijitahidi kweli, akawa mkali, akawa mpole, lakini shule ilikuwa na watoto wengine wa kuwaangalia, na Léonie aliwachosha wenzake darasani. Zélie aliumia sana siku ile. Tumaini lake kubwa lilikuwa limekwisha, na hakuona tena pa kumpeleka mtoto wake.

Hebu jiweke kwenye viatu vya Léonie. Ana miaka 10. Dada zako wakubwa walisoma shule hiyohiyo wakasifiwa. Wewe unafunga sanduku lako unarudi nyumbani, na kila mtu anajua kwa nini. Mtoto wa namna hii atapataje rafiki? Watoto wenzake wameshaambiwa kwamba yeye ni tatizo, na yeye mwenyewe ameshaambiwa. Mimi katika watoto ninaokaa nao nimeona jambo moja: mtoto ambaye hajawahi kuitwa kwa kusifiwa atajifunza kuitwa kwa kugombezwa. Ataangusha viti, atamvuta mwenzake nywele, atapiga kelele wakati wa sala. Akigombezwa, angalau kwa dakika moja wote mmemtazama yeye.

Lakini huyo anayesumbua ana upande mwingine. Teresia alipoandika maisha yake alimkumbuka Léonie kwa upendo mkubwa. Wengine walipokwenda matembezini, Léonie ndiye aliyebaki nyumbani akimtunza mdogo wake na kumwimbia mpaka alale. Kwa hiyo upole alikuwa nao. Kwa mtoto mdogo asiyemhukumu, ulitoka bila shida.

Ombi kwa mama mkubwa

Mwanzoni mwa mwaka 1877 Sista Marie-Dosithée alikuwa anakufa kwa kifua kikuu. Dada zake Léonie walimwandikia kumuaga. Léonie naye akaandika, kwa maneno yake mwenyewe bila kusaidiwa na mtu, akiwa na miaka 13. Alimwomba mama mkubwa kwamba akifika mbinguni amwombee kwa Mungu neema ya kuongoka, na amwombee wito wa kuwa mtawa, tena mtawa wa kweli.

Mama yake alishangaa. Hakuna aliyemfundisha. Yule mtoto ambaye kila mtu alidhani hajali, kumbe alikuwa anajua kabisa kwamba mambo yake hayaendi, na alikuwa anatamani kubadilika kuliko walivyotamani wao. Hakuwa tu na mtu wa kumwambia.

Sista Marie-Dosithée alifariki tarehe 24 Februari 1877. Wiki chache baadaye likafumuka jambo ambalo lilikuwa limefichika ndani ya nyumba kwa miaka.

Marie anafumbua macho

Familia ya Martin ilikuwa na mfanyakazi wa ndani aliyeitwa Louise. Alianza kazi kwao Léonie akiwa bado mdogo kabisa. Alikuwa mchapakazi, ameizoea familia, na Zélie alimwamini. Katika nyumba nzima, mtu pekee ambaye Léonie alimtii bila kubisha alikuwa Louise. Akisema kaa, anakaa. Akisema acha, anaacha. Wazazi waliona hivyo wakadhani Louise ana kipaji na huyu mtoto.

Marie, dada mkubwa, alikuwa amemaliza shule na yuko nyumbani. Yeye hakuridhika na jibu hilo. Alianza kuangalia. Akaona kwamba utii ule haukuwa wa kawaida, ulikuwa wa woga. Akafuatilia, mpaka ukweli ukatoka: Louise alikuwa amemtawala Léonie kwa vitisho na adhabu za siri, akimkataza kusema lolote kwa wazazi. Alimfanya awe kama mtumwa wake. Alimpa kazi wakati wenzake wanapumzika, na alimzuia kukaa karibu na mama yake. Zile mara zote mama alipomwita akagoma kuja, mtoto alikuwa anatii amri ya mtu mwingine.

Zélie alipojua, alisikitika sana. Alikuwa amemsali mtoto huyu, amemlilia, amemtafutia shule, na jibu lilikuwa pale jikoni kwake. Alitaka kumfukuza Louise siku ileile. Louise aliomba sana abaki, na kwa kuwa Zélie mwenyewe alikuwa mgonjwa, alimruhusu kwa muda, lakini kwa masharti: asiongee tena na Léonie wala kumpa amri yoyote. Baada ya kifo cha Zélie, Louise aliondoka.

Tusimgeuze Louise kuwa shetani. Yeye alidhani anasaidia. Aliona mama ni mpole mno na mtoto ni mkorofi, akaamua amnyooshe kwa njia anayoijua. Ndiyo maana jambo hili linatuhusu sana, kwa sababu na sisi kwetu wapo wengi wanaoamini hivyohivyo, na si wafanyakazi wa ndani peke yao. Wapo wajomba, walimu, kaka wakubwa, hata viongozi wa kwaya za watoto.

Na kuna jambo lingine ambalo kijana mwenzangu naomba usilipite haraka. Louis na Zélie ni watakatifu. Hawakuwa wazazi wazembe. Na bado waliishi na jambo hili nyumbani kwao kwa miaka bila kuliona. Aliyeliona ni Marie, na Marie wakati huo alikuwa na miaka 17. Hakuwa na diploma ya malezi. Aliacha tu kuuliza kwa nini mtoto huyu ni mbaya, akauliza huyu mtoto anaogopa nini.

Miezi mitano na mama

Baada ya pale Léonie alibadilika kwa namna iliyomshangaza mama yake. Mtoto aliyekuwa anakimbia sasa hakutaka kubanduka. Alikaa na mama, akamkumbatia, akafanya alichoambiwa, akafanya kazi karibu naye. Zélie aliona kwamba upole ndio ufunguo wake, na kwamba ukali wote wa nyuma ulikuwa unamfunga zaidi.

Kwa bahati mbaya muda ulikuwa mfupi. Desemba 1876 daktari alikuwa ameshamwambia Zélie kwamba saratani yake ya titi haitibiki. Juni 1877 alikwenda Lourdes kuhiji na mabinti wake watatu wakubwa, Léonie akiwemo. Hakupona. Katika siku zake za mwisho aliyemtia wasiwasi zaidi alikuwa Léonie. Alitamani kuishi kwa ajili yake, kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa amempata. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877. Tangu Marie agundue siri ile hadi siku hiyo ilikuwa kama miezi mitano tu.

Ile miezi mitano ilimtosha Léonie kujua kwamba anapendwa, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya tena hilo.

Kuingia na kutoka

Familia ilihamia Lisieux, karibu na mjomba wao Isidore Guérin. Léonie alipelekwa bweni kwa masista Wabenedikto, na safari hii hakurudishwa. Hakuwa na akili za darasani kama Pauline, lakini alimaliza.

Usidhani mambo yote yalinyooka. Mwaka 1886, familia ilipokwenda kutembea Alençon, Léonie aliingia ghafla kwa watawa Waklara bila kuwaandaa ndugu zake. Walipigwa na butwaa. Afya haikuhimili ugumu wa maisha yale, na tarehe 1 Desemba alikuwa amerudi. Julai 1887 aliingia Visitasioni ya Caen; Januari 1888 akatoka. Mwaka 1893 akaingia tena palepale, akavaa kanzu ya kitawa, na Julai 1895 akatoka tena.

Sasa hesabu. Mwaka 1895 Léonie ana miaka 32. Baba amefariki mwaka uliotangulia. Pauline, Marie, Teresia na Céline wote wako Karmeli ya Lisieux. Yeye anaishi kwa mjomba, na akitaka kuwaona dada zake anakwenda kukaa upande wa pili wa kimia cha parla. Wanne wako ndani, yeye yuko nje. Ni kama utoto wake umejirudia, yaani wenzake wako pamoja na yeye hana mtu.

Tofauti ni kwamba safari hii hakuharibu mchezo wa mtu. Teresia alikuwa anamwandikia barua za kumtia moyo, akimwonesha kwamba Mungu anatafuta upendo katika mambo madogo, na mambo madogo hata Léonie aliyaweza. Kabla ya kufa, Septemba 1897, Teresia alisema kwamba baada ya kifo chake Léonie ataingia tena Visitasioni na atabaki.

Mwishoni mwa Januari 1899 Léonie aligonga mlango wa monasteri ya Caen kwa mara ya tatu. Mara hii hakutoka. Alipewa jina la Sista Françoise-Thérèse, akaweka nadhiri zake Julai 1900, akaishi pale miaka 42. Alifanya kazi ndogo ndogo za nyumba, polepole kama kawaida yake. Mwaka 1915 alipelekwa Karmeli ya Lisieux kutoa ushahidi katika kesi ya Teresia, akakaa siku chache na dada zake watatu waliobaki hai. Mwaka 1925 mdogo wake alitangazwa mtakatifu na dunia nzima ikataka kumwona dada wa mtakatifu. Yeye aliyekuwa anapiga kelele utotoni ili atazamwe, sasa watu walitaka kumtazama akawa anajificha. Hakuhitaji tena.

Alifariki Juni 1941 akiwa na miaka 78. Hadi leo watu wanakwenda kusali kwenye kaburi lake Caen, na wengi wao ni wazazi wenye watoto wanaowashinda.

Tunajifunza nini?

Kwanza, vituko vya mtoto vina habari ndani yake. Mtoto anayejishaua, anayedanganya hadithi kubwa ili asikilizwe, anayewagombanisha wenzake, anayeng'ang'ania mtu mmoja kupita kiasi, usianze na fimbo wala na jina baya. Angalia anamtii nani kwa woga. Angalia anakwepa kubaki na nani. Angalia ni mtoto gani mdogo anamwonesha upole. Hayo yatakueleza mengi kuliko kelele zake. Ukigundua anaumizwa, usikae nalo kimya: mwambie mzazi, paroko au mtu mzima mwingine unayemwamini. Marie hakukaa kimya.

Pili, rafiki mmoja anatosha kuanza. Ukiwa na mtoto asiyepata wenzake, usimsukumie kwenye kundi kubwa ukategemea ataelea. Mkalishe na mmoja mpole. Mpe kazi ndogo ambayo ataionea fahari, kubeba kitabu cha nyimbo, kupanga mishumaa. Msifie akiwa ametulia, ili ajue kwamba anaonekana hata asipopiga kelele.

Tatu, kuelewa si dawa ya siku moja. Siri ya Léonie ilijulikana akiwa na miaka 13, na mahali pake alipapata akiwa na 35. Katikati alianguka mara nyingi mbele ya watu. Mungu hakuchoka, na wewe usichoke.

Na kama unaposoma hapa unaona kwamba mtoto huyo ni wewe, umeshakuwa mkubwa lakini bado unaona wenzako wako ndani na wewe uko nje, basi mwombe Léonie akuombee. Yeye anajua kugonga mlango uleule mara ya tatu.

*Tusali*

Ee Baba wa mbinguni, ulimwona Léonie kabla hajaonwa na mtu. Tupe macho ya kuwaona watoto wanaotusumbua, na masikio ya kusikia wanachoshindwa kusema. Uwaguse wote wanaowalea kwa hofu wajifunze kulea kwa upendo. Uwape rafiki wale wasio na rafiki. Na kama ni mapenzi yako, umjalie mtumishi wako Léonie utukufu wa altare. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Wiki hii mtafute huyo mtoto mmoja, umsalimie kwa jina lake.